Nyeupe Ipi? Soma Hii Kabla Hujatuma Hela ya Rangi

Hapa tumeshaongea sana kuhusu viwanja, mabati na makato ya kutuma hela. Leo naomba tuongee kitu kinachoonekana kidogo mpaka siku kinapokula mfuko wako: rangi nyeupe ya ndani ya nyumba.

Mwaka juzi mdogo wangu wa kike aliyeko Dar alinitumia ujumbe usiku, mimi ndiyo kwanza natoka zamu, niko kwenye basi. "Kaka shikamoo. Nyumba plasta imeisha, bado rangi tu. Fundi anasema nyeupe, ndoo nane." Rangi tu. Nyeupe tu. Sikuuliza swali hata moja. Nilikuwa nimechoka, nikatuma hela ya ndoo nane palepale kwenye basi, nikalala na roho nyeupe.

Miezi minne baadaye nikaenda likizo. Nafungua mlango wa sebule, ukuta mmoja una ubluu wa wodini, mwingine una unjano kama wa nyumba iliyovutiwa sigara miaka kumi. Ukipitisha kiganja ukutani kinatoka na unga, utadhani umefuta ubao wa darasani. Kumbe ndoo zilinunuliwa kwa mafungu, za kampuni mbili tofauti, na zote zimeandikwa nyeupe. Fundi hakudanganya. Aliambiwa nyeupe, akanunua nyeupe.

Tulirudia kazi nzima. Hiyo hela ya kurudia ni ya maboksi niliyobeba mimi, ndiyo maana nayaandika haya.

Weupe unatoka wapi

Ndoo ya rangi ya maji ina vitu vinne vikubwa: maji, gundi inayoshikilia rangi ukutani, unga mweupe unaofunika, na unga wa kujazia. Unga mweupe unaofunika ndio wa bei. Siku hizi ni wa titani. Zamani ulikuwa wa risasi, na sumu yake iliwaumiza mafundi rangi kiasi kwamba mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Na titani yenyewe tunaijua. Mchanga wa Kwale, kusini mwa Mombasa, ulichimbwa kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024 kwa ajili ya madini hayo, ukasafirishwa kwa meli kutoka Likoni kwenda viwanda vya nje. Kwa hiyo inawezekana kabisa kopo unalolinunua hapa London lina kipande cha pwani yetu ndani yake. Tunalinunua kwa pauni, lakini hayo tuyaache.

Kiwanda kikitaka ndoo iwe rahisi, kinapunguza titani na kuongeza unga wa kujazia, ambao mara nyingi ni wa jamii ya chaki. Ukiipaka ukutani unaona plasta inachungulia. Fundi anapaka mara ya tatu, mara ya nne, na wewe huku unapokea ujumbe: "Kaka, rangi imepungua."

Halafu kuna ile rangi inayoongezwa kidogo kuipa nyeupe mwelekeo wake. Karibu kila nyeupe inaelekea mahali: kwenye bluu, njano, uwaridi, kijivu au kijani. Ile iliyoandikwa Brilliant White, inayojaa kwenye maduka ya hapa Uingereza, huelekea ubaridi, yaani upande wa bluu, ili macho yaione nyeupe pe. Zile ambazo mafundi wetu wanaziita ofuwaiti, au rangi ya maziwa, zimetiwa tone la njano au la hudhurungi. Ndiyo sababu kampuni kama Farrow & Ball inaweza kuuza nyeupe nyingi zenye majina ya kifahari na bei ya kuumiza. Majina ni mbwembwe, ila tofauti ya rangi yenyewe ni ya kweli. Chukua karatasi ya kawaida ya kuchapishia, iweke kando ya ukuta wako unaouita mweupe. Utashangaa.

Jua la London si jua la Dar

Hapa ndipo wengi wetu tunapotegwa. Unakaa kwa rafiki yako Ilford au Croydon, unapenda ukuta wake, unapiga picha kopo, unaituma nyumbani: "Tafuteni hii." Hata ikipatikana ileile kabisa, haitakuwa ileile.

Chumba changu cha kwanza London kilikuwa na dirisha linaloangalia kaskazini. Katika nchi hii jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini linapata mwanga wa mbingu tu, na mwanga huo una ubluu. Mwenye nyumba alikuwa amepaka Brilliant White. Bluu juu ya bluu. Desemba, mchana wenyewe ni saa nane tu, chumba kile kilikuwa na sura ya jokofu lililofunguliwa. Chumba kama hicho kinataka nyeupe yenye joto, yenye tone la njano au uwaridi. Chumba kinachoangalia kusini kinaweza kubeba nyeupe baridi bila shida, kwa sababu jua lenyewe linaleta joto.

Sasa usiichukue kanuni hiyo ukaipeleka Dar. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzo wa Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, miezi inayobaki linapita kusini, na muda mwingi liko juu kabisa ya paa. Kwa nyumba ya kule, kaskazini na kusini si habari kubwa. Habari kubwa ni mashariki na magharibi, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni ndilo linaloingia dirishani, na la jioni lina wekundu. Habari kubwa nyingine ni baraza. Nyumba yenye baraza pana na miembe nje haipati jua moja kwa moja. Inapata mwanga uliogonga majani kwanza, wenye ukijani, au uliogonga ua wa udongo mwekundu, na huo unapanda mpaka darini. Nyeupe yoyote inabeba rangi ya kilicho nje ya dirisha.

Chumba kisicho na baraza wala mti, jua linaingia lote, ukikipaka nyeupe kali kinaumiza macho saa sita mchana. Huko ofuwaiti inapumzisha. Lakini sebule iliyofichwa na baraza ndefu, yenye giza kidogo, inafaa nyeupe safi ili iokoe mwanga. Unaona? Wengi tunadhani nchi ya jua nyumba nzima inahitaji nyeupe moja. Hapana, chumba kwa chumba.

Na usiku je? Angalia boksi la balbu. Kuna namba ya kelvini. Balbu za 2,700 zina unjano, na majumbani hapa zimezoeleka sana. Za 6,500 zina ubluu, na huko nyumbani watu wengi wanazipenda kwa sababu zinaonekana kali. Nyeupe yenye tone la njano chini ya balbu ya 2,700 inageuka siagi. Ileile chini ya 6,500 inatulia. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu rangi, uliza kwanza wamefunga balbu gani. Balbu ni rahisi kubadilisha kuliko ukuta.

Picha ya WhatsApp haichagui nyeupe

Hili nimelijifunza kwa gharama. Kamera ya simu ina kazi moja ambayo hukuiomba: inajaribu kurekebisha weupe. Ikiona chumba kina unjano, inaupunguza. Ikiona kina ubluu, inauondoa. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa ananitumia picha, mimi naona kuta safi nyeupe, naandika "safi sana", kumbe simu ilikuwa inanifichia.

Dawa ni karatasi. Mwambie aliyeko nyumbani anunue kopo dogo la kila nyeupe mnayoifikiria, lita moja au hata nusu, apake mara mbili kwenye kipande kikubwa cha kadibodi au jipsamu, aache ikauke hadi kesho yake. Asipake moja kwa moja kwenye ukuta wenye rangi ya zamani, kwa sababu ile rangi ya pembeni inalidanganya jicho. Kisha akisimamishe kile kipande ukutani, abandike kando yake karatasi nyeupe ya kuchapishia, apige picha zikiwa pamoja. Asubuhi, saa sita, jioni, na usiku taa zikiwaka. Kamera ikidanganya, itadanganya kwa vyote viwili, lakini tofauti kati ya karatasi na rangi itabaki. Unaweza kuona nyeupe ipi inaelekea njano na ipi inaelekea bluu ukiwa umekaa zako East Ham.

Hata hivyo, mwenye macho pale ndiye mwamuzi. Mama yangu alichagua ya chumba chake kwa kukaa nayo siku tatu. Mimi nilipenda nyingine, yeye akasema ile inamkumbusha hospitali. Yeye ndiye anayelala pale.

Ukiwa kwenye kadibodi, fanya jaribio moja zaidi. Chora mistari minene ya kalamu nyeusi kabla ya kupaka. Rangi yenye titani ya kutosha inaifunika mistari kwa kupaka mara mbili, au inabaki kivuli chepesi. Rangi ya chaki utaihesabia mara nne na mistari bado inakutazama. Jaribio hili linagharimu kalamu moja.

Na onyo dogo la majina. Kampuni zinazofanana jina si lazima ziwe moja. Crown ya hapa Uingereza na Crown Paints ya Kenya ni kampuni mbili tofauti, kila moja na kadi yake ya rangi. Usitume namba ya kadi ya London ukategemea duka la Kariakoo au la River Road litoe kitu kilekile. Anzeni na kadi ya duka la kule.

Hesabu ya ndoo

Haya, tuje kwenye hela yenyewe. Hii hesabu ni ya darasa la sita, na sijui kwa nini sikuifanya mapema.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 3. Kuta nne zinazunguka mita 15. Zidisha kwa 3, unapata mita za mraba 45. Toa mlango na madirisha mawili, kama 5 hivi. Zinabaki 40. Lita moja ya rangi ya maji iliyo nzuri inapaka kama mita za mraba 10 kwenye ukuta laini ulioandaliwa. Ukuta mpya unaonyonya, hesabu 8. Kupaka mara mbili ni mita 80, yaani lita 8 mpaka 10. Ndoo moja ya lita 20 inamaliza vyumba viwili vya namna hiyo.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu, sebule, jiko na korido. Nilipopima kwa futi kamba nikapata kama mita za mraba 240 za kuta. Mara mbili ni 480. Kwa hesabu ya 8 kwa lita, ni lita 60, ndoo tatu. Weka undakoti, mara moja, lita 30, ndoo moja na nusu. Jumla ndoo nne na nusu, tano ukiwa mwoga kama mimi. Nilituma ya nane.

Ndoo tatu zilikwenda wapi? Shemeji yangu ana fremu mpya ya duka maeneo ya Mbagala, na kuta zake ni nyeupe pe. Sijauliza, na kwenye familia yetu hatuulizi.

Sasa linganisha bei kwa ukuta uliofunikwa, usilinganishe kwa ndoo. Tuseme ndoo rahisi ni shilingi 60,000 na ndoo nzuri ni 110,000. Ile rahisi unapaka mara nne, na inafunika mita 8 kwa lita: mita 240 mara nne ni 960, lita 120, ndoo sita, shilingi 360,000. Ile nzuri unapaka mara mbili, mita 10 kwa lita: lita 48, unanunua ndoo tatu kwa 330,000 na unabakiwa na zaidi ya nusu ndoo. Hapo sijahesabu siku za ziada za fundi. Bei za kweli za leo mwulize aliyeko dukani, ila hesabu ni hiyohiyo.

Kuhusu kuchakachua. Kuna maji ya halali, na kuna maji ya wizi. Mkono wa kwanza juu ya plasta mpya kavu unaruhusiwa kuongezwa maji kidogo ili unyonywe vizuri, na kopo lenyewe linaandika kiasi gani. Baada ya hapo, rangi inayotiririka kama uji wa mgonjwa na kuacha michirizi imezidishwa maji. Ikikauka inatoa unga mkononi. Aliyeko nyumbani awepo ndoo inapofunguliwa. Si kumwonea fundi. Fundi mzuri mwenyewe anapenda mashahidi.

Plasta iachwe ikauke. Ya saruji ipewe kama wiki nne kabla ya rangi, na msimu wa masika zaidi ya hapo. Ukiharakisha, maji yanatoka na chumvi, yanasukuma rangi, unapata yale mabaka ambayo watu wanasema ukuta umeota fangasi au umepanda magadi. Sehemu nyingi za Dar na Mombasa ziko karibu na bahari na mchanga wenyewe wakati mwingine una chumvi. Hakuna nyeupe itakayozuia hilo. Kinachozuia ni muda na praima inayostahimili ukali wa saruji. Ukiona undakoti imerukwa kwenye orodha ya fundi ili kukupunguzia gharama, jua hiyo gharama imeahirishwa tu.

Kung'aa au kutong'aa? Isiyong'aa inaficha mabonde ya plasta, lakini mikono ya watoto haifutiki vizuri. Ile yenye mng'ao, wanaiita silki, inaoshwa, lakini jua la jioni likiingia kwa ubavu kila kasoro ya skimu inajitangaza. Sisi tulitumia isiyong'aa vyumbani na darini, silki kwenye korido na sebule. Jikoni na korido, wazee walikuwa na akili: mita moja ya chini rangi ya mafuta nzito, juu nyeupe. Vumbi jekundu na matako ya ndoo za maji vinagonga pale chini. Ila milango usiipake nyeupe ya mafuta kwenye sehemu yenye giza. Aina hiyo inageuka njano kadiri miaka inavyokwenda. Nyeupe ya maji ya milango inakaa.

Utumaji wenyewe, mimi siku hizi nagawa mara tatu. Kwanza praima na undakoti, na picha ya risiti ya mashine ya EFD. Pili rangi ya mwisho, ndoo zote siku moja, duka moja, na namba ya toleo iliyochapwa kwenye ndoo ifanane, maana hata kampuni moja toleo na toleo hupishana kidogo. Kama namba hazifanani, mimina ndoo mbili kwenye pipa safi, koroga, ndipo mpake. Tatu fundi, kazi ikiisha. Ndiyo, nalipa makato ya kutuma mara tatu. Nimepiga hesabu, ni kidogo kuliko ndoo moja.

Kuna waliowahi kuniambia wanapakia makopo ya ofa ya hapa kwenye pipa la kusafirisha. Jirani yangu alifanya hivyo. Kifuniko kimoja kilifunguka njiani, na mashuka yote ya mama mkwe yalifika na nyeupe ya Uingereza. Rangi ni maji mazito, na wewe unalipia kuyavusha bahari.

Kama nyumba ni ya zamani

Neno fupi kwa wenye nyumba za familia Mji Mkongwe, Lamu, au Mombasa ya kale. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, nazo zinapumua: unyevu unaingia na unatoka. Ukizipaka rangi ya maji ya kisasa, ambayo ina plastiki ndani yake, unazifunga pua. Unyevu unakaa nyuma, rangi inatoka kama ngozi ya nyoka, na plasta nayo inafuata. Nyeupe yake ni chokaa, ileile waliyotumia mababu, inayopakwa nyembamba mara nyingi. Ikikauka inavuta hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe, na ukali wake haupendwi na kuvu. Ni ya kazi, lakini si ya ghali. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000 na Lamu tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa jengo pitia kwanza mamlaka ya hifadhi.

Na hapa London, nyumba ya kupanga

Turudi huku tulipo, maana na huku rangi nyeupe inakula hela. Nilipohama chumba kimoja nilijifanya mstaarabu. Nikaziba matundu ya misumari, nikanunua kopo dogo la Brilliant White, nikagusagusa kila alama. Sikujua ukuta ulikuwa Magnolia, ile nyeupe yenye tone la maziwa ambayo wenye nyumba wengi wa nchi hii wameipenda miaka mingi. Rangi ilipokauka ukuta ukawa na madoa kama kanga. Wakala akaandika kwamba nalipia kupaka chumba kizima, pauni 480.

Mambo mawili yaliniokoa. La kwanza, dhamana yangu ilikuwa imesajiliwa. Katika Uingereza yenyewe, yaani England, mwenye nyumba anayepokea dhamana kwa upangaji wa kawaida anatakiwa kuiweka chini ya mpango ulioidhinishwa na serikali ndani ya siku 30. Iko mitatu: Deposit Protection Service, mydeposits na Tenancy Deposit Scheme. Na kwa kodi isiyofika pauni 50,000 kwa mwaka, dhamana haitakiwi kuzidi kodi ya wiki tano. Mipango hiyo ina usuluhishi usio na malipo. La pili, nilikuwa na picha za siku niliyoingia, zikionyesha rangi imeshachakaa tayari. Uchakavu wa kawaida si deni la mpangaji, na msuluhishi anaangalia rangi ilikuwa na umri gani. Mwenye nyumba hawezi kutoa rangi ya zamani akadai mpya kwa hela yako. Nilikatwa pauni 90. Na hizo nilistahili.

Kwa hiyo usiguse ukuta wa kupanga kabla ya kuuliza kwa maandishi ni rangi gani, jina na kampuni. Wakikuruhusu kupaka, omba ruhusa hiyo iwe kwenye barua pepe. Nyumba ikiwa ya zamani sana, usipige msasa mkavu kwenye fremu na milango iliyopakwa nyeupe ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Zile za chini zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni hatari zaidi kwa watoto.

Na tafadhali, usifunike kuvu kwa nyeupe. Najua inachukiza, najua wageni wanakuja Jumamosi. Ile nyeusi ya pembeni mwa dirisha inatokana na unyevu, na itarudi juu ya rangi yako mpya, na wewe utakuwa umefuta ushahidi. Piga picha, mwandikie mwenye nyumba. Kwa wanaokaa nyumba za halmashauri na mashirika ya nyumba hapa England, tangu Oktoba 2025 kuna sheria inayowapa wenye nyumba muda maalumu wa kuchunguza na kushughulikia unyevu na kuvu vya hatari. Hesabu ya siku inaanza pale unapowaarifu, kwa hiyo tunza nakala ya ulichoandika.

Kopo lililobaki

Rangi ikibaki, msiitupe wala msimpe jirani yote. Mimineni kwenye kopo dogo linalojaa hadi juu ili hewa isiwe nyingi, funikeni sana, liwekwe mahali pasipo jua. Juu ya kifuniko andikeni kwa kalamu ya wino mzito: chumba, kampuni, jina la rangi, namba ya mchanganyo kama ilichanganywa kwa mashine, na tarehe. Kisha pigeni picha kifuniko.

Mdogo wangu alinitumia za kwetu mwezi uliopita, makopo manne kwa mstari barazani. La chumba cha mama ameandika: "Nyeupe ya Mama, si ya hospitali."